KoboCollect shehiani: tathmini ya mtafiti msaidizi wa haki za binadamu kisiwani Pemba

Nimefanya kazi ya mtafiti msaidizi kwa misimu mitatu kisiwani Pemba, katika miradi inayochunguza haki za wanawake katika mirathi, talaka na umiliki wa mali. Msimu wa kwanza tulitumia madodoso ya karatasi. Miwili iliyofuata tulipewa simu zenye programu ya KoboCollect, na kijana anayeomba kazi ya namna hii sasa aghalabu huulizwa kama anaijua. Ndiyo maana naitathmini hapa kwa kirefu, kwa upande wa yule anayekaa nayo jamvini mbele ya mjane, wala si kwa upande wa anayesoma majedwali yake ofisini.

KoboCollect ni programu ya simu za Android iliyo sehemu ya mfumo wa KoboToolbox. Mfumo huo ulianzia katika taasisi ya Harvard Humanitarian Initiative nchini Marekani, kwa watafiti Patrick Vinck na Phuong Pham, ambao walikuwa wakikusanya maoni ya raia waliopitia vita, wakiwemo wa kaskazini ya Uganda, kuhusu amani na haki. Hivi sasa unaendeshwa na shirika lake lenyewe lisilo la faida. Programu hupakuliwa bure. Fomu huandikwa kwenye kompyuta, hata kwa jedwali la Excel, kisha huingizwa simuni. Asili hiyo inaonekana kazini, kwani waliokitengeneza chombo hiki walijua kwamba anayehojiwa mara nyingi yuko pasipo na mtandao.

Hilo ndilo jambo la kwanza ninalolisifu. Fomu hujazwa yote bila ya mtandao, hubaki ndani ya simu, na hutumwa pale mtu anapofika penye mawasiliano. Tulipovuka kwa mashua kwenda Kojani tulikaa kutwa nzima bila ya kutuma chochote, na jioni, tuliporudi Wete, hojaji zote kumi na moja zilikwenda kwa pamoja. Aliyewahi kubeba karatasi ataelewa uzito wa jambo hili. Katika masika ya msimu wetu wa kwanza mvua ilitukuta njiani baina ya Konde na Makangale, bahasha ikalowa, na majibu ya wanawake sita tukawa tunayasoma kwa kukisia. Nyumba mbili ilitubidi kuzirudia, na kumrudia mtu aliyekwisha kukusimulia jinsi alivyotolewa nyumbani kwa marehemu mumewe ni kumtonesha kidonda kwa uzembe wako. Karatasi pia hupita katika mikono mingi kabla ya kufika inakokwenda, ilhali simu yenye namba ya siri haisomwi na kila apitaye.

Sifa ya pili ni nidhamu ambayo programu humlazimisha mtafiti kuifuata. Mwanamke akisema hajawahi kuolewa, maswali yote ya talaka hurukwa, na mtafiti aliyechoka hawezi kuyauliza kwa kusahau. Fomu yetu iliwekewa sharti la umri, ili ukiandika miaka iliyo chini ya 18 isiendelee mpaka uthibitishe kwamba mzazi au mlezi ametoa ridhaa, na mtoto mwenyewe pia. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya umri huo, lakini vijijini msichana wa miaka 17 aliyekwisha kuolewa huitwa mtu mzima, na mtafiti asiyekumbushwa hufuata mazoea ya kijiji. Nimeona sharti hilo likimsimamisha mwenzangu mara mbili, na mara zote mbili lilikuwa na haki.

Hata hivyo, programu huuliza kile tu ilichoandikiwa kuuliza. Fomu ya msimu wa pili ilikuwa na swali kuhusu fungu alilopata mjane katika mirathi ya mumewe, na majibu ya kuchagua yalikuwa manne: yote, nusu, robo na "nyingine". Kwa sheria ya Kiislamu, inayofuatwa katika mahakama za kadhi Zanzibar, mjane ambaye mumewe ameacha mtoto hupata thumni, yaani sehemu moja katika nane, na wajane wakiwa zaidi ya mmoja huigawana thumni hiyo hiyo. Robo ni ya mjane ambaye mumewe hakuacha mtoto. Kwa hiyo jibu lililo la kawaida kuliko yote katika kisiwa hiki halikuwemo katika fomu. Kila mjane mwenye watoto niliyemhoji nilimwingiza katika "nyingine", na humo humo katika "nyingine" niliwaingiza wale waliodhulumiwa, wasiopewa hata kikombe. Aliyepata haki yake kamili na aliyenyang'anywa walikaa katika kisanduku kimoja, na hilo ndilo jambo hasa ambalo utafiti mzima ulikuwa umekuja kulitenganisha.

Kosa hilo silitupi kwa programu. Lilikuwa la waliotunga fomu, na nina hakika kwamba hawakuwahi kukaa katika ugawaji wa mirathi hata mmoja. Programu yenyewe ilitusaidia kulirekebisha, kwa sababu fomu inaweza kubadilishwa katikati ya kazi na simu zikachukua toleo jipya, jambo ambalo kwa karatasi lingetaka kuchapisha upya kila kitu. Tuliandika barua, fomu ikabadilishwa, thumni ikaingia, pamoja na jibu la "hakupewa chochote". Majibu ya wanawake waliotangulia, hata hivyo, yalibaki kama yalivyo, na tuliyasahihisha mmoja mmoja kwa msaada wa daftari langu la mkono.

Swali la ardhi lilikuwa gumu zaidi. Fomu iliuliza: "Je, unamiliki ardhi?", ndiyo au hapana. Bibi mmoja wa upande wa Micheweni alinijibu hapana bila ya kusita, nami nikabonyeza hapana. Tulikuwa tumekaa barazani kwake msimu wa karafuu, yeye na wakwe zake wanachambua, makonyo, yaani vikonyo vyake, upande huu na karafuu upande ule, na baada ya hojaji kwisha akaniambia kwamba mzigo ule ni wa mikarafuu yake saba aliyorithi kwa baba yake, iliyomo katika shamba linaloshikwa na kaka yake, ambaye kila mwaka humpunguzia hesabu. Wapemba wanajua kwamba mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iliwekwa mikononi mwa Serikali na familia nyingi zikagawiwa eka tatu tatu, lakini mikarafuu iliendelea kurithiwa, kuuzwa na kuwekwa rehani mmoja mmoja. Mwanamke anayesema hana ardhi huenda ana mali yenye thamani kubwa, na huenda anadhulumiwa katika mali hiyo hiyo, na swali la ndiyo au hapana halimfikii. Nilimwomba ruhusa, nikaifungua tena fomu yake na kuandika maelezo yote katika nafasi ya mwisho iliyoachwa wazi. Kuandika kwa kidole kwenye kioo kidogo wakati mtu anazungumza ni kazi ya pole pole mno, na huwezi kumtazama usoni.

Kuna na lugha. Programu inakubali fomu moja kuandikwa kwa lugha kadhaa, na mhoji akabadilisha kwa kubonyeza mara moja, lakini Kiswahili chetu cha fomu kilikuja kimekwisha kuandikwa na mtu wa mbali. Kiliuliza kuhusu "mwenza wako", na mwanamke mmoja akanijibu kwa dakika nzima kuhusu tabia za mke mwenzake kabla sijatambua kwamba swali lilimkusudia mume. Tangu siku hiyo husoma fomu yote kwa sauti mbele ya mama yangu mzazi kabla ya kwenda nayo popote, nami nawashauri wenzangu wafanye hivyo kwa mtu mzima yeyote wa nyumbani kwao.

Sasa usiri, ambao katika haki za binadamu ndio roho ya kazi. Programu inaweza kuchukua alama ya mahali kwa GPS ikiwa fomu imeandikwa hivyo. Katika mradi wa kupima visima jambo hilo ni jema. Katika hojaji ya mwanamke aliyepigwa, alama ya mahali ni sawa na jina lake, kwa sababu vijiji vyetu vina nyumba chache na kila nyumba inajulikana ya nani. Ofisi moja iliyotuajiri, ambayo sitaitaja, iliweka alama hiyo iwe ya lazima ili kuhakikisha kwamba tumefika kweli mashambani. Sisi watafiti wasaidizi wanne tulikataa kwa pamoja, tukapendekeza ichukuliwe mbele ya ofisi ya sheha, yaani kiongozi wa shehia, badala ya mlangoni kwa mtu, na tulikubaliwa baada ya siku mbili za mabishano. Mtafiti anayepewa fomu aangalie jambo hili siku ya mafunzo, asingoje kuligundua akiwa shehiani. Aulize pia kama mradi umewekewa ufunguo wa siri, kwani programu inaweza kuyafunga majibu yaliyokamilika ili hata mwenye kuiokota simu asiyaone. Gharama yake ni kwamba wewe mwenyewe pia huwezi kuyafungua tena kuyasahihisha. Kwa ushahidi wa udhalilishaji naona gharama hiyo ni ya kulipwa. Na fomu isiyotumwa haipo popote isipokuwa ndani ya simu hiyo, kwa hiyo usilale bila ya kutuma ikiwa njia ipo.

Fomu inaweza pia kurekodi saa ya kuanza na ya kumaliza kila hojaji. Msimamizi mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini hojaji moja ilichukua saa mbili na nusu ilhali nyingine huchukua dakika arubaini. Nilimweleza kwamba mama yule alilia, nikaiweka simu chini kifudifudi, tukakaa, akapika chai, akaendelea alipotaka mwenyewe. Jedwali halikuwa na mahali pa kuandika hilo, na ni haki ya mtafiti msaidizi kulisema kwa mdomo na kusikilizwa.

Kwa mambo madogo madogo: kioo hakisomeki vizuri juani, betri ya simu ya bei nafuu haimalizi siku, na chaja ya kubeba mkononi ni lazima.

Kwa jumla naikubali KoboCollect kwa dodoso lenye maswali mafupi na watu wengi, na kwa kazi hiyo sirudi kwenye karatasi. Kwa ushahidi wa mtu mmoja aliyedhulumiwa, ambao unataka kusikilizwa kwa mpangilio wake mwenyewe, siitumii kabisa. Naandika katika daftari lisilo na majina, kwa namba tu, na orodha ya majina hukaa mahali pengine chini ya ufunguo. Mradi ninaouanza baada ya Ramadhani utatumia vyote viwili, na safari hii wametuita watafiti wasaidizi Chake Chake kuisoma fomu kabla haijaingizwa simuni. Nimekwenda na swali la mikarafuu likiwa limeandikwa tayari: una miti mingapi, imo katika shamba la nani, na mwaka huu nani aliuza karafuu zake.