Kumwachisha mtoto ziwa: kukata ghafla au kupunguza taratibu?

Mtoto wangu wa kwanza nilimkata ziwa kwa siku moja. Bibi yake alimchukua wakapanda meli kwenda Ukerewe, mimi nikabaki Kirumba, Mwanza, na shubiri chungu ya kupaka kwenye chuchu, niliyoinunua bila kuitumia. Siku ya pili matiti yalikuwa mawe. Khanga ikigusa tu naruka. Nilikamua kidogo bafuni, kiasi cha kupunguza maumivu, maana ukikamua mpaka yaishe mwili unadhani mtoto bado yupo na unatengeneza mengine. Titi likiwa jekundu na homa ikapanda, usingoje: nenda zahanati, huenda ni maambukizi.

Wa pili nilimpunguzia. Kila baada ya siku chache naondoa nyonyesho moja, la mchana kwanza, la usiku mwisho, uji wa ulezi na sato vikashika nafasi. Ilichukua karibu wiki 6 na vilio vya usiku havikukosekana, lakini matiti hayakuniuma.

Tofauti ambayo sikuambiwa ni ya moyo. Homoni ya prolaktini, ile inayouambia mwili utengeneze maziwa, ikishuka, baadhi yetu huzuni hutuingia. Mara ya kwanza nililia hata nikimenya ndizi. Mara ya pili nilinuna siku mbili, basi.

Mengine ni yale yale kwa njia zote: matiti kulegea, matone ya maziwa kutoka kwa wiki kadhaa, hedhi kurudi kama haijarudi. Na mimba inaweza kuingia kabla hata hujaiona hiyo hedhi. Mimi nitachagua taratibu, isipokuwa daktari aseme vingine.