Darasa la Kiingereza la jioni Mwenge, hatimaye nimejua lini niweke ing

Nimemaliza miezi miwili kwenye darasa la jioni hapa Mwenge, liko gorofa ya pili juu ya maduka, ada 60,000 kwa mwezi, na naandika kwa ajili ya wenzangu wa mapokezi na hotelini maana najua tunateseka na kitu kimoja.

Shida ni hii "na" yetu ya kwenye kitenzi. Ukisema "nafanya kazi Posta" inaweza kuwa ndo kazi yako ya siku zote, au uko hukohuko sahivi unaichapa, msikilizaji anajiongeza mwenyewe. Kwenye Kiingereza lazima uchague, I work au I am working, yenye ing mwishoni mwa kitenzi. Mi kuna mgeni nilimwambia I am living in Tandika akaniuliza nahamia wapi, maana kwa alivyosikia yeye nimejishikiza tu pale kwa muda!

Shule tulikaririshwa fomula. Ticha wa hapa anaanzia kwenye Kiswahili chako, anakwambia weka "huwa" mbele ya sentensi, ikikaa vizuri, huwa naamka saa kumi na moja, basi ing usiiguse, I wake up at five. Ikidai "sahivi" ndo unaweka am, is au are halafu ing.

Ila kilichonifungua macho kabisa ni somo la "amevaa". Sisi tunasema amevaa, amekaa, amesimama, yote kwa "me", kwa hiyo mtu anakimbilia he has worn a red shirt, kumbe wenzetu wanaiona ni hali inayoendelea, he is wearing, she is sitting, he is standing. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunionyesha hilo jamani. Na ya boti ya Zanzibar pia, the boat leaves at seven tomorrow, ni kesho lakini haina ing kwa sababu ni ratiba, ila ahadi yako na mtu unasema I am meeting her tomorrow.

Wanapoangusha ni kwenye know, want, need, understand. Hapo kipimo cha huwa na sahivi kinagoma, maana "sahivi nataka maji" bado ni I want water, na wao wametugawia fotokopi tukariri. Mpaka nilipouliza ndo ticha akaeleza kwamba hayo ni mambo ya moyoni na kichwani, sio vitendo, na kwamba have ya kumiliki haitaki ing, I have two children, ila ya kula inakubali, I am having lunch. Hilo lilistahili wiki nzima, sisi tulipewa nusu saa.

Halafu tuko wengi, feni moja, zamu ya kuongea inakufikia mara moja au mbili kwa jioni, kwa hiyo wahi ukae mbele na uulize bila aibu, ticha hachoki kuulizwa. Mwezi wa tatu nimeshalipia.