Uzoefu wangu: Siku mbili kwa kizuka wa hoteli ya Mount Washington

Nilipomwambia mama kwa simu kwamba tunakwenda kulala kwenye hoteli yenye kizuka, aliniuliza swali ambalo mtu wa Tanga lazima aulize: "Kizuka gani, mwanangu? Wa kutokea watu usiku, au wa eda?" Kwetu neno ni hilo hilo. Kizuka ni mzuka, na kizuka ni mjane aliyekaa ndani akihesabu miezi minne na siku kumi. Siku ile sikuwa na jibu. Sasa ninalo: ni wote wawili.

Hoteli yenyewe ni Omni Mount Washington, ipo Bretton Woods, katika milima ya New Hampshire, Marekani. Sisi tunaishi Manchester, jimbo hilo hilo, kwa hiyo ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kuelekea kaskazini. Tulikwenda Oktoba, majani yamegeuka mekundu na manjano. Unapinda kona moja ya barabara, milima inafunguka, na jumba linatokea kwa mkupuo: jeupe, refu, mapaa mekundu, minara miwili, na nyuma yake Mlima Washington wenye mita 1,917. Kimo hicho kwa mtu aliyeuona Kilimanjaro ni kidogo, lakini msiudharau. Kileleni kwake, tarehe 12 Aprili 1934, ulipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa.

Aliyeijenga ni Joseph Stickney, tajiri aliyeupata utajiri wake kwenye makaa ya mawe. Alileta mafundi 250 wa Kiitaliano, waashi na maseremala, wakafanya kazi kuanzia 1900 hadi hoteli ilipofunguliwa tarehe 28 Julai 1902. Ukipita ukumbini, inua macho uangalie dari na nguzo, utawaona mafundi wale katika kila ukingo. Baraza limezunguka jumba kiasi kwamba unaweza kutembea asubuhi nzima ukibadilisha tu upande wa kuuona mlima. Mimi nililipenda baraza kuliko kitu kingine chochote pale. Ni baraza hasa, la kukaa na kuzungumza, na wageni wasiojuana wanasalimiana.

Stickney hakuifaidi. Desemba 1903 akafariki, hata miaka miwili ya hoteli yake hakuimaliza. Mkewe Carolyn, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, akabaki na jumba lote lile. Akajenga kanisa la mawe karibu na hapo kwa kumbukumbu ya mumewe, na bado lipo. Mwaka 1913 akaolewa na mwanamfalme wa Kifaransa, Aymon de Faucigny-Lucinge, ndipo watu wakaanza kumwita Binti Mfalme. Huyo naye akamtangulia. Mjane mara mbili. Na bado kila kiangazi alirudi hapa, mpaka naye alipofariki 1936.

Watu wanasema hajaondoka. Husimuliwa kwamba huonekana kwenye korido, mwanamke mwembamba wa mavazi ya zamani. Taa hujiwasha. Vitu hupotea na baadaye kukutwa pale pale vilipokuwa. Ila kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha chumba namba 314, chenye kitanda alichokuwa akilalia: mgeni huamka usiku na kumkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, anachana nywele zake.

Tulikiomba chumba hicho mapema na tukakipata. Kitanda kina nguzo nne za mbao zilizochongwa, na nilipokiona tu nikasema, hii ni samadari. Bibi yangu alikuwa na ya kwake, alikuja nayo siku ya harusi yake na hakuna aliyethubutu kuihamisha mpaka anakufa. Carolyn naye inasimuliwa kwamba alisafiri na kitanda chake. Kwa mwanamke aliyezika waume wawili naona ni jambo la kueleweka kabisa.

Usiku wa kwanza niliamka saa tisa. Upepo ulikuwa unavuma nje. Nikaketi kitandani, nikafungua mtandio na kuanza kuzichana nywele polepole, kama ninavyofanya usingizi ukikata. Mume wangu akageuka, akauliza kwa sauti nzito, "Nani huyo?" Nikamwambia, "Ni mimi, Baba Nasra." Hapo ndipo nilipotambua nimekaa wapi. Nilikuwa nimeketi pale pale anapoketi, nafanya anachofanya. Sikuogopa. Nilimhurumia sana, kwa sababu mimi niliulizwa "nani huyo" na mtu aliye hai.

Baba Nasra yeye alifuata Chumba cha Dhahabu, chumba cha hoteli hiyo hiyo ambamo makubaliano ya fedha ya Bretton Woods yalitiwa saini. Alisoma uchumi, na jina la Bretton Woods alilikariri miaka kabla ya kujua kuwa ni mahali penye miti na baridi. Hoteli ilikuwa imefungwa tangu 1942 kwa ajili ya vita, ikafunguliwa haraka kupokea mkutano wa kupanga mambo ya fedha ya dunia baada ya vita, wajumbe 730 wa mataifa 44, kuanzia tarehe 1 hadi 22 Julai 1944. Hapa ndipo zilipozaliwa IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, na Benki ya Dunia, na dola ikafungwa kwenye dhahabu kwa bei ya dola 35 kwa aunsi, mpaka 1971. Kutoka Afrika walikuwepo Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini. Basi. Tanganyika na Kenya zilikuwa chini ya Uingereza, ujumbe wake ukiongozwa na mwanauchumi John Maynard Keynes. Kongo ya majirani zetu kule Manchester ilikuwa chini ya Ubelgiji. Mume wangu alisimama mle chumbani muda mrefu asiseme kitu. Chumba ni kidogo mno kwa mambo yaliyotoka humo; mwaka 1986 yalitufikia na sisi, Tanzania iliposaini makubaliano na IMF na shilingi ikashuka.

Nawasihi mnaokwenda: msiishie kuuliza 314 ni ipi. Ingieni pia kwenye Chumba cha Dhahabu, na fuateni matembezi ya historia yanayoongozwa na mwenyeji. Chagueni katikati ya wiki, bei huwa nafuu na baraza linakuwa lenu. Sisi tulijiwekea akiba miezi kadhaa, na ningefanya hivyo tena. Bebeni sweta hata kiangazi. Wenye watoto waoga waombe ghorofa nyingine, visa huwafikia tu.

Mama alisikiliza yote haya kwa simu hadi mwisho, kisha akataka kujua jambo moja tu: kama wakati wa kuondoka nilimuaga mwenye chumba. Nilimuaga. Nilishika mlango nikasema, "Tunakwenda, bibi. Pole."