Longonot au Hell's Gate: wapi pa kuisoma miamba ya Bonde la Ufa?

Hifadhi hizi mbili za taifa, zilizo jirani karibu na Naivasha nchini Kenya, huonyesha kazi tofauti za asili. Longonot, wenye kimo cha mita 2,776, ni volkano iliyojengwa kwa matabaka ya majivu na lava, na kasoko yake, yaani shimo la kileleni, huonekana nzima kutoka ukingoni. Kwa anayetaka kuelewa jinsi volkano inavyojijenga na kuporomoka, sioni mshindani wake. Hell's Gate hushinda kwa upande wa mmomonyoko: maji yamechonga korongo jembamba katika miamba laini ya volkano, na katika kuta zake, zilizobana kiasi cha kuguswa kwa mikono yote miwili, huchuruzika maji ya moto yanayopashwa na joto lile lile la ardhini linalozalisha umeme katika vituo vya Olkaria tangu 1981.

Kwa jasho, Longonot hudai zaidi, kwani njia yake ni ya vumbi na mwinuko mkali, ilhali sehemu kubwa ya Hell's Gate hupitika kwa baiskeli. Kwa usalama mambo hugeuka: mvua inayonyesha mbali huweza kuleta mafuriko ya ghafla korongoni, kama yaliyoua watu mwaka 2019. Wakati wa masika, basi, mwenye miguu imara achague Longonot. Wakati wa kiangazi, mwenye magoti mabovu atafaidi zaidi Hell's Gate.