Elektrodi ya Clark katika upimaji wa mitokondria za mimea

Elektrodi ya oksijeni ya aina ya Clark, iliyobuniwa na Leland Clark nchini Marekani katika miaka ya 1950, ilikusudiwa kupima oksijeni iliyomo katika damu, lakini imetumika kwa miongo mingi kuchunguza namna mitokondria za mimea, yaani viungo vidogo vya seli vinavyotumia oksijeni kuzalisha nishati, zinavyopumua zinapokumbwa na dhiki. Muundo wake si mgumu: kathodi ya platini, anodi ya fedha, myeyusho wa kloridi ya potasiamu, na utando mwembamba unaopitisha oksijeni lakini unazuia protini. Ikiwekewa volti 0.6 hadi 0.7, hutoa mkondo wa umeme unaolingana na oksijeni iliyobaki ndani ya chemba.

Kwa dhiki kama vile baridi au upungufu wa fosfati, chombo hiki kinastahili sifa zote kinazopewa. Ukitia NADH (chanzo cha elektroni) na ADP (malighafi ya ATP, sarafu ya nishati ya seli) kwenye mitokondria zilizotolewa katika tishu iliyosagwa, mstari wa grafu unaoonyesha oksijeni huteremka kwa kasi. ADP ikiisha, mteremko hupungua, na uwiano wa miteremko hiyo miwili hukuonyesha papo hapo kama mitokondria zimetoka salama katika kusagwa. Kisha hutiwa sianidi, sumu inayozuia njia kuu ya upumuaji. Mitokondria za mnyama zingekoma hapo, ilhali za mmea mara nyingi huendelea kutumia oksijeni, kwa kuwa zina oksidesi mbadala, kimeng'enya kinachopeleka elektroni kwenye oksijeni bila kusukuma protoni, na hivyo kupunguza msongamano wa elektroni unaozalisha aina haribifu za oksijeni. Pairuveti, kemikali ya seli inayokiamsha, isipoongezwa, kimeng'enya hicho huweza kuonekana dhaifu kuliko kilivyo. Aidha, kinachopimwa hapa ni uwezo wake tu. Sehemu ya elektroni inayopita humo ndani ya mmea hai hupimwa kwa isotopu za oksijeni, kazi ambayo elektrodi hii ya kawaida haina njia ya kuifanya.

Utunzaji wake unachosha. Kiputo kimoja chini ya utando huharibu usomaji, mabadiliko madogo ya joto husogeza kipimo, na kikorogeo kikisimama mkondo hushuka, kwa sababu elektrodi yenyewe hula oksijeni iliyo mbele yake. Vizuizi vya upumuaji kama antimaisini hung'ang'ania kuta za chemba, kwa hiyo maji peke yake hayatoshi kuisafisha, ethanoli inahitajika.

Udhaifu mkubwa hujitokeza pale ambapo mtafiti wa mafuriko, anayechunguza mizizi iliyokosa oksijeni, anakihitaji chombo hiki zaidi. Maji yaliyoshiba hewa katika nyuzi 25 za Selsiasi yana takriban maikromoli 250 za oksijeni kwa lita, ilhali oksidesi ya saitokromu, kimeng'enya cha njia kuu ya upumuaji, hubaki na nusu ya kasi yake hata oksijeni ikiwa karibu maikromoli 0.1. Mstari basi hushuka ukiwa umenyooka karibu hadi mwisho, kisha hujipinda ghafla, na katika pembe hiyo ndogo mkondo wa mabaki, ucheleweshaji wa utando na oksijeni inayovuja kutoka kwenye plastiki huchanganyika na upumuaji halisi. Kusahihisha sifuri kwa daithionaiti ya sodiamu, kemikali inayoondoa oksijeni, husaidia, ila hakuondoi tatizo. Mzizi mzima ukiwekwa ndani, mstari hujipinda mapema zaidi, na wapo wanaosoma mpindo huo kama tabia ya mitokondria wakati mara nyingi ni ugumu wa oksijeni kupenya kwenye tishu.

Kwa kazi hiyo ningependekeza kihisio cha mwanga, ambacho hupima jinsi oksijeni inavyofifisha mng'ao wa rangi maalumu. Hakili oksijeni, na aina zilizotengenezwa kwa viwango vya chini husoma vizuri karibu na sifuri, ingawa rangi yake huchakaa kwa kumulikwa. Hata hivyo, vyote viwili havioni kinachoendelea baada ya oksijeni kwisha, mitokondria za mizizi zinapogeuza nitriti kuwa oksidi ya nitriki na kupata ATP kidogo. Anayefuatilia hatua hiyo atalazimika kununua kihisio cha oksidi ya nitriki.