Hema raha tupu, upepo wa matairi usanii mtupu

Nianze na sifa, msije mkasema nina chuki binafsi. Hema la juu ya gari halina shida kulifungua, godoro nene, friji iligandisha maji mpaka Ngorongoro. Kwa hayo tu ningewapa nyota tano hawa jamaa wanaokodisha magari pale Arusha, na nilishaanza kuwatangaza kwa mashoga zangu. Sasa sikilizeni habari ya upepo.

Gari lilikuwa limeingia muda huo huo kutoka kwa mteja mwingine. Saa saba mchana, jua kali, boneti halishikiki. Kijana wa yadi akapiga tairi la nyuma teke: "Upepo upo wa kutosha." Nikamwambia apime. Akaangalia nyuma yangu kama kuna mtu, akauliza, "Kwani dereva wako yuko wapi, dada?" Dereva ni mimi! Akaenda kwa nyodo kuleta geji ya kompresa: kioo kimepasuka, na kabla haijachomekwa popote mshale umeshakaa kwenye tano. Akaichomeka, ikasoma psi 44 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), akabonyeza valvu, pssss, mpaka 40. Nikamwambia tairi la moto halipunguzwi upepo, liache lipoe hata kwa muda wa saa tatu ndipo upime. Rudisha huo ulioutoa. Akasema umeme umekatika, halafu akaongeza, "Dada, upepo ni upepo."

Naandika hapa na damu inachemka upya.

Kwenye gari walikuwa wameacha geji ya kalamu. Karatu nikaitumia: mara 36, mara 43, tairi lile lile, dakika ile ile. Sijui ni ya kupimia nini.

Tulilala kambi ya Simba A, juu kabisa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mahali ambapo hata kiangazi alfajiri unavaa koti. Tairi likipoa nyuzi kama sita za sentigredi linapoteza karibu psi moja, na haya yalipunguzwa yakiwa yanawaka, kwa geji inayodanganya tano. Asubuhi matairi ya nyuma yamebonyea, macho tu yanaona. Dereva mmoja wa watalii, Mungu ambariki, akaja na geji yake ya mpira mrefu: 28 na 29. Hapo juu kuna hema, nyuma kuna friji na madumu ya maji, na mbele yetu ni ile barabara ya changarawe ya kushukia Serengeti. Tairi legelege lenye mzigo linajikunja ubavuni, linapata moto, linapasuka. Akatujazia kwa kompresa yake mpaka 40 ya kweli, pesa akakataa.

Nikawapigia wenye gari. Nilitegemea angalau "pole". Nikajibiwa, "Mbona Wazungu wanalichukua kila siku na hawalalamiki?"

Nilikuwa nimepanga nyota tatu, kwa heshima ya hema. Kwa jibu hilo, mbili. Hapana, moja, na hiyo ni ya friji. Ila kinachonikera zaidi ni kwamba gari lenyewe nalipenda! Geji ya maana haifiki hata bei ya usiku mmoja wa kulikodi. Wakiinunua, na yule kijana wakamhamishia kwenye kuosha vyombo, nitalichukua tena hata kesho.