Cherehani ya mkono ya Makoroboi: kwa barakoa inatosha, kwa jinzi usijisumbue

Nianze na alama, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku: naipa nane kwa kumi. Ni ile cherehani nyeusi ya chuma, yenye maua ya dhahabu ubavuni, niliyoinunua ikiwa imeshatumika pale Makoroboi, hapa Mwanza, baada ya shule kufungwa kwa ajili ya corona Machi 2020. Muuzaji alianzia laki moja na nusu. "Mwalimu, hiki chuma hasa, wajukuu watakirithi." Tukamalizana kwa laki na ishirini, akanipa na bobini (vile vigurudumu vya uzi wa chini) za ziada na kichupa cha mafuta.

Kwa anayejifunza, ya mkono ni bora kuliko ya umeme. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa; ukiacha kuzungusha, sindano nayo imetulia. Barakoa ni ndogo, ina kona na marinda, na ya umeme hukimbia kabla hujageuza kitambaa. Tena umeme wa LUKU ukiisha, wewe unaendelea. Alama mbili nimekata kwa uzito (mama watoto amekataa kabisa kuihamisha) na kwa jinzi. Hata kwa sindano namba 16, jinzi ikikunjwa inaruka mishono. Kwa pamba, namba 14 inatosha.

Sasa barakoa yenyewe. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa Juni 2020 ulitaka tabaka tatu: ndani pamba inayonyonya unyevu, nje poliesta isiyonyonya, katikati kitambaa kisichofumwa cha polipropilini, aina ya plastiki. Hicho cha katikati wengi mnacho nyumbani bila kujua. Mifuko mingi iliyoingia sokoni baada ya ile ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 imetengenezwa kwa kitambaa hicho. Mimi nakata mpya, siyo uliokwisha kubeba dagaa. Na pasi ya moto isikiguse, inakiyeyusha.

Kitambaa cha nje kiinue juani kabla hujalipa. Ukiona vidole vyako upande wa pili, kirudishe, hata muuzaji akinuna. Pini zikae pembeni tu, kwenye ukingo unaobaki nje ya mshono, au tumia vibanio vya nguo. Ile mitindo yenye mshono unaopita katikati ya pua na mdomo siipendi: unatoboa matundu pale pale unapopumulia. Marinda yanafunika kidevu vizuri bila tundu.

Mteja aliyenifundisha zaidi ni mama mmoja anayeuza samaki Mwaloni, Kirumba. Lastiki ilimuumiza masikio na iligombana na kilemba chake, akadai kamba za kufunga kisogoni. Nikamshonea. Kwa kuwa anashinda kwenye barafu na maji, nikamwambia abebe zaidi ya moja, kila ikilowa abadilishe, maana barakoa iliyolowa haina kazi. Ya kubadilisha ikae kwenye mfuko safi. Iliyolowa iwe na wake. Kuivua ni kwa kamba, siyo kwa kushika mbele, kisha mikono kwa sabuni sekunde 40 hadi 60. Jioni inafuliwa kwa maji ya moto na sabuni, na isianuliwe mbichi. Watoto chini ya miaka miwili msiwavalishe kabisa, hata mkiombwa na bibi yao. Na wale wa daladala za Buhongwa waliokuwa wakiishusha kidevuni wakitaka kuongea, mimi sikuwa na dawa yao.

Ukienda kununua cherehani, nenda na kitambaa chako, kikunje mara tatu, shona palepale dukani, kisha geuza uangalie chini. Uzi wa chini ukiwa na vitanzi, mwambie akaze au alegeze mbele yako. Zungusha gurudumu bila uzi usikilize. Likikwaruza, kwanza dai mafuta, na likiendelea, nenda duka la jirani. Bobini za ziada zijaribu mojamoja, kwa sababu hazilingani zote.